Ajabu za dunia zataka maswali, si makofi

JE, wajua kwamba pweza ana mioyo mitatu na damu ya rangi ya samawati? Je, wajua kwamba Ukuta Mkuu wa China ndicho kitu pekee kilichojengwa na binadamu ambacho huonekana kutoka mwezini? Je, wajua kwamba pale Nanyuki maji huzunguka upande mmoja ukiwa kaskazini mwa Ikweta, na ukipiga hatua ishirini kuelekea kusini yakageuka na kuzunguka upande wa pili? Je, wajua kwamba kilele cha Mlima Kenya kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest? Kwamba hapa hapa Afrika Mashariki vilipiganwa vita vilivyoanza baada ya staftahi vikamalizika kabla ya saa nne asubuhi? Na kwamba maji ya moto yakitiwa katika jokofu huweza kuganda kabla ya maji baridi?

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kukutana na vijihabari vya aina hii. Zamani vilichapishwa pembeni mwa kurasa za magazeti na majarida ili kuziba nafasi iliyobaki, na mwanafunzi mwenye bidii alivikata kwa mkasi akavibandika kwenye ubao wa matangazo shuleni. Siku hizi huja kwa simu, kumi kwa mpigo, vikiwa vimetumwa na mtu aliyetumiwa na mtu mwingine ambaye naye hakumbuki alivitoa wapi. Huvutia kama peremende, na kama peremende, huyeyuka mdomoni na kumwacha mlaji akitaka nyingine.

Kati ya mambo sita niliyoyataja, matatu ni kweli tupu, mawili ni uongo ulionawiri kwa kurudiwarudiwa, na moja lingali linawagawanya wataalamu hadi leo. Kabla hujaendelea kusoma, hebu weka gazeti chini kwa dakika moja ujiulize: lipi ni lipi? Kisha ujiulize swali lililo gumu zaidi: ungejuaje?

Swali hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Huenda methali hiyo ikafaa katika mambo ya kijijini, ambako moshi wa uvumi haukosi moto. Lakini katika elimu yapasa kutumiwa kwa hadhari kubwa, kwani yako mengi yaliyosemwa kwa miaka na mikaka ambayo hayapo, hayakuwapo, wala hayaji.

Tuanze na pweza, maana yeye hana ubishi. Ni kweli kwamba ana mioyo mitatu. Miwili kati yake kazi yake ni kusukuma damu kwenye matamvua ili ipate oksijeni, na wa tatu huisambaza damu hiyo katika mwili mzima. Damu ya binadamu ni nyekundu kwa sababu kiini cha chembe inayobeba oksijeni ndani yake ni chuma. Pweza hutumia shaba badala ya chuma, na kwa hiyo damu yake huwa ya samawati ikibeba oksijeni, na huwa haina rangi ikiikosa. Uzuri wa ajabu hii ni kwamba haimtaki mtu kuamini kwa kufumba macho. Mwalimu wa biolojia aliye Kilifi au Lamu anaweza kumnunua pweza sokoni, akampasua mbele ya darasa, na wanafunzi wakaihesabu mioyo mmoja baada ya mwingine.

Ukuta wa China ni kinyume chake. Madai kwamba waonekana kutoka mwezini yalikuwa yamechapishwa nchini Marekani tayari mwaka wa 1932, katika safu ya michoro ya Robert Ripley iliyojishughulisha na vioja vya dunia. Tafakari kidogo tarehe hiyo. Binadamu wa kwanza alikanyaga mwezi mnamo Julai 1969. Basi mwaka wa 1932 ni nani aliyekuwa amekwenda huko, akatazama chini, akarudi kutusimulia? Hakuna. Madai yalitangulia, shahidi akakosekana, na bado vizazi vya wanafunzi viliyakariri.

Mwanafunzi wa kidato cha pili ana hesabu ya kutosha ya kuubomoa uongo huu. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi kutoka hapa tulipo. Ukuta ule ni mrefu sana, naam, lakini upana wake ni mita chache tu. Tuuchukulie kuwa mita sita. Kuutazama kutoka mwezini ni sawa na kuutazama unywele mmoja wa kichwa ukiwa umbali wa zaidi ya kilomita nne. Ni nani mwenye macho hayo? Mwaka wa 2003, Yang Liwei, Mchina wa kwanza kurushwa angani na nchi yake, aliizunguka dunia kwa umbali ulio mdogo mno ukilinganishwa na ule wa mwezi. Aliporejea aliulizwa kama aliuona ukuta. Alijibu kwamba hakuuona. Alikuwa na kila sababu ya kutamani kuuona, na bado alisema kweli.

Sasa tuje nyumbani. Kila msafiri aliyewahi kuteremka kwenye kibao cha Ikweta pale Nanyuki anaufahamu mchezo wa maji. Kijana mchangamfu huja na jagi la maji, bakuli lenye tundu chini na vijiti viwili vya kiberiti. Huwaongoza wageni hatua chache kaskazini mwa mstari, akamimina maji, na vijiti vikaanza kuzunguka upande mmoja. Huwavusha hadi kusini, vijiti vikazunguka upande wa pili. Hatimaye husimama juu ya mstari wenyewe, na maji yakateremka bila kuzunguka hata kidogo. Wageni hupiga makofi, hununua vyeti vya kuthibitisha kwamba waliivuka Ikweta, wakaenda zao wakiwa wameshawishika.

Ugumu wa mchezo huu ni kwamba umejengwa juu ya kipande cha kweli. Dunia yetu huzunguka kwenye mhimili wake, na mzunguko huo huipinda mikondo mikubwa ya hewa na ya bahari. Ndiyo sababu vimbunga vya kizio cha kusini huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, kama kilivyofanya kimbunga Idai kilichoipiga Beira nchini Msumbiji mwezi Machi 2019, ilhali vile vya kaskazini huzunguka kinyume. Nguvu hii huitwa Coriolis, kwa jina la mtaalamu Mfaransa aliyeieleza katika karne ya 19.

Lakini nguvu hiyo ina masharti yake. Kwanza, hupungua kadiri mtu anavyoikaribia Ikweta, na kwenye Ikweta yenyewe haina uwezo wa kukipinda chochote kielea juu ya ardhi. Vimbunga vyenyewe, pamoja na ukubwa wavyo, ni nadra sana kuzaliwa karibu na mstari huo. Ikiwa kimbunga chenye upana wa mamia ya kilomita hakiwezi kupata msukumo wa kukizungusha hapo, sembuse bakuli la maji? Pili, nguvu hiyo ni dhaifu mno katika chombo kidogo kinachomwagika kwa dakika moja. Msukosuko wa kumimina maji na jinsi mshikaji anavyogeuka akiwa na bakuli mkononi huishinda mara nyingi kupindukia. Kinachoyazungusha maji ya Nanyuki ni ustadi wa mkono.

Je, yawezekana basi kuiona nguvu hiyo katika chombo cha maji? Yawezekana, kwa gharama ya subira. Mwaka wa 1962, Ascher Shapiro, mhandisi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitengeneza tangi la mviringo lenye upana wa karibu mita mbili. Alilijaza maji, akalifunika, akaliacha litulie kwa saa 24. Kisha alilifungua tundu dogo lililokuwa katikati taratibu kabisa. Kwa zaidi ya dakika 10 hapakuonekana lolote. Mwishowe kipande cha mti kilichokuwa kikielea kilianza kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, kama hesabu zilivyotabiri. Mwaka wa 1965, wataalamu wengine walilirudia jaribio hilo mjini Sydney, Australia, na maji yakazunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Hivyo ndivyo ukweli unavyopatikana. Walingoja siku nzima, wakavuka bahari kurudia, na hawakuuza cheti.

Simlaumu kijana wa Nanyuki. Anatafuta riziki, na mchezo wake ni burudani nzuri. Lawama ni yetu sisi tunaowapeleka wanafunzi huko kwa basi la shule, tukawaamuru waandike katika madaftari yao walichokiona, tukarudi bila kumwomba hata mwanafunzi mmoja alishike bakuli lile na kumimina maji mwenyewe. Mbona tusimwombe kijana yule atuachie maji yatulie kwa nusu saa kwanza? Mbona tusilijaribu karai la nyumbani mara ishirini na kuandika kila mara yamezungukia wapi? Wanafunzi wa Maseno na wa Nanyuki wana bahati ambayo wenzao wa London hawana, kwani mstari wenyewe wapita karibu na madarasa yao.

Baada ya kuvunja ajabu mbili, ni haki nijenge moja. Mlima Kenya, kwenye kilele cha Batian, una kimo cha mita 5,199 kutoka usawa wa bahari. Everest una mita 8,849. Kwa kipimo hicho hatuna la kujivunia. Lakini dunia si mviringo kamili kama chungwa linalochorwa vitabuni. Kwa sababu ya kuzunguka kwake, imefura kidogo kiunoni na kubonyea kwenye ncha. Kutoka kitovu chake hadi usawa wa bahari kwenye Ikweta ni kilomita 6,378 hivi, ilhali hadi kwenye ncha ni kilomita 6,357. Tofauti ni kilomita 21.

Mlima Kenya uko karibu kabisa na Ikweta, palipofura. Everest uko mbali kaskazini, kwenye digrii 28, ambako usawa wa bahari wenyewe umekwisha kushuka kwa kilomita nne na zaidi. Chukua kalamu ujumlishe. Kilele cha Batian kiko kilomita 6,383 na kidogo kutoka kitovu cha dunia. Kilele cha Everest kiko kilomita 6,382 na kidogo. Mlima wetu waushinda kwa takribani kilomita moja. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, waushinda Everest kwa zaidi ya kilomita moja na nusu. Bingwa wa wote ni mlima Chimborazo ulioko Ekwado, katika Amerika ya Kusini, ambao kimo chake cha kawaida ni mita 6,263 tu.

Na tumejuaje kwamba dunia imefura? Newton alikadiria hivyo katika karne ya 17 kwa kutumia hesabu, lakini wapo waliompinga. Mnamo 1735, Ufaransa ilituma kundi la wataalamu katika nchi ambayo leo ni Ekwado, na mwaka uliofuata kundi jingine likaelekea kaskazini kabisa mwa Ulaya. Kazi yao ilikuwa kupima urefu wa digrii moja ya dunia katika kila upande. Wale wa Ekwado walipanda milima ya barafu, wakaugua, wakagombana, na walioanza kurejea Ulaya walifika huko baada ya karibu miaka tisa. Miaka tisa, msomaji wangu, ili kulijibu swali moja! Ndipo wewe na mimi leo tunaweza kusema kwa sentensi moja kwamba Mlima Kenya umeushinda Everest. Sentensi hiyo ni fupi kwa sababu safari ya wengine ilikuwa ndefu.

Kuna ajabu nyingine ambazo ukweli wake haupingwi, lakini namna tunavyozisimulia yafaa itutie haya. Vita nilivyovitaja mwanzoni ni vya Unguja, vya tarehe 27 Agosti 1896. Vitabu vya vioja vya dunia huviita vita vifupi zaidi katika historia, kwani vilichukua kati ya dakika 38 na 45, kulingana na anayehesabu. Wasomaji hucheka, wakafungua ukurasa unaofuata.

Kisa chenyewe ni hiki. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti. Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la kifalme na kujitangaza sultani bila idhini ya Waingereza, ambao walikuwa wameifanya Unguja nchi lindwa tangu 1890 na walikuwa na mtu wao waliyemtaka, Hamoud bin Mohammed. Walimpa Khalid hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 aondoke. Hakuondoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zilizokuwa bandarini zilianza kulipiga jumba kwa mizinga. Kabla ya saa nne kutimia, jumba lilikuwa magofu yanayowaka moto, na meli ya sultani iliyoitwa Glasgow ilikuwa imezamishwa.

Khalid alikimbilia katika ubalozi wa Ujerumani. Waingereza walimngojea nje wamkamate pindi akanyagapo ardhi ya Unguja. Mwanzoni mwa Oktoba, bahari ilipojaa hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, alipanda mashua moja kwa moja kutoka humo, pasipo kuikanyaga ardhi hiyo, akasafirishwa hadi Dar es Salaam iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Waingereza walimtia nguvuni mwaka wa 1916, wakamhamishia visiwa vya mbali, na mwishowe walimruhusu kurejea Afrika Mashariki. Alifariki mjini Mombasa mwaka wa 1927.

Katika dakika zile chache, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hiyo ndiyo sehemu ya ajabu ambayo vitabu vya vioja hupenda kuiacha, au huitia mwishoni kwa herufi ndogo. Anayeikariri idadi ya dakika bila ya idadi ya watu amekariri nusu ya habari, tena nusu iliyo nyepesi. Mwalimu wa historia anayekisimulia kisa hiki darasani na asiulize kwa nini vita vilikuwa vifupi hivyo, na ni nani aliyelipia ufupi wake, atakuwa amewachekesha wanafunzi juu ya makaburi.

Imebaki ajabu ya sita, ile inayowagawanya wataalamu, nami nimeiweka mwisho makusudi kwa kuwa yatuhusu sisi wa madarasani kuliko zote.

Mwaka wa 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba nchini Tanganyika, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku hiyo nafasi katika jokofu ilikuwa haba. Mwenzake mmoja alitia maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuhofia kukosa nafasi, alitia yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi. Ya Mpemba yalikuwa yamekwisha kuganda. Ya mwenzake yalikuwa bado ni uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia sababu. Mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba alikubali, kama ilivyompasa mwanafunzi wa siku zile. Lakini baadaye rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba yeye hutia mchanganyiko ukiwa moto kwa makusudi, kwa kuwa huganda upesi. Muuza aiskrimu alikuwa akikijua kile ambacho mwalimu alikikana.

Mpemba alipojiunga na shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu wa huko alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu wenzake walisema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Ewe mwalimu unayesoma makala haya, hebu mwone kijana yule akiwa ameketi kwenye dawati lake, masikio yakimwasha kwa kicheko. Ni wangapi kati yetu wangeuliza mara ya tatu?

Mpemba aliuliza. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alifika Mkwawa kutoa mhadhara. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba alisimama akamuuliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa vyenye maji ya kiasi sawa, kimoja maji yake yakiwa na joto la digrii 35 na kingine digrii 100, ukavitia katika jokofu, cha digrii 100 huganda kwanza. Kwa nini? Wanafunzi waliangua kicheko tena. Osborne hakucheka. Aliuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo, na akaahidi kulijaribu mwenyewe atakaporudi Dar es Salaam.

Huko alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi alirejea na taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, lakini akamtuliza kwamba ataendelea kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Walilirudia. Jibu lilibaki lile lile. Mwaka wa 1969, Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la kielimu la Uingereza. Mwandishi wa kwanza ni Mpemba, ambaye wakati huo alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka. Baadaye ilibainika kwamba Aristotle, Bacon na Descartes waliwahi kuligusia jambo hilo karne nyingi kabla, lakini leo ulimwengu waliita athari ya Mpemba. Fizikia ya Mpemba imekuwa fizikia ya ulimwengu.

Je, kisa kimeishia hapo, mshindi akiwa amepatikana? La hasha. Mwaka wa 2016, wataalamu Henry Burridge na Paul Linden walitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu maji. Walisema kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha, na kwamba kukiweka kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu huweza kumdanganya mpimaji. Mwaka wa 2020, Avinash Kumar na John Bechhoefer huko Canada walionyesha kwamba athari ya namna hiyo ipo kweli, ila hawakutumia maji bali chembe ndogo sana zinazoonekana kwa hadubini. Kuhusu maji yenyewe, mjadala haujafungwa.

Wapo watakaosema kwamba hali hii yamvunjia Mpemba heshima. Mimi naona kinyume. Swali lililoulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa na haraka ya kugandisha aiskrimu limewashughulisha mabingwa kwa zaidi ya miaka 50. Hata akithibitika kuwa alikosea, alikosea kwa njia ya haki: aliona, akajaribu, akauliza, akarudia. Walimu waliomcheka, hata wakithibitika kuwa walipatia, walipatia kwa bahati, kwa maana hawakujaribu chochote.

Hapa ndipo ninapotaka kulifikisha neno langu. Ajabu ya dunia si mali ya kuweka akiba kichwani kwa ajili ya mashindano ya chemshabongo. Ni mlango, na mlango haujengwi ili utazamwe. Mwanafunzi akiletewa ajabu yoyote, iwe kwa simu, kwa kitabu au kwa mdomo wa mwalimu wake, na aiulize maswali manne. Ni nani aliyeona? Alipimaje? Je, nami naweza kujaribu, au yupo aliyejaribu tena? Na penye watu ndani yake, ni nani aliyelipia? Pweza, milima na vita vya Unguja vitayapita maswali hayo vikiwa vimenenepa. Ukuta wa China na bakuli la Nanyuki vitaanguka kwenye swali la kwanza au la pili.

Kwa walimu nina ombi moja lisilo na gharama. Shule nyingi zina ubao wa "Je, wajua?" ambako wanafunzi hubandika vioja vya juma. Basi pembeni mwake tundikeni ubao wa pili uitwao "Tumejuaje?" Asiruhusiwe mtu kubandika lolote katika ubao wa kwanza bila kujaza nafasi yake katika ubao wa pili. Na mwanafunzi atakayethibitisha kwamba kioja fulani ni uongo apewe alama sawa na aliyekileta, hata kama aliyekileta ni mwalimu mkuu.

Najua ugumu wake. Silabasi ni ndefu, muda ni mchache, madarasa yamefurika, na mwalimu asiyekuwa na jibu huhofia kudharauliwa. Lakini Osborne hakupungukiwa na heshima kwa kutojua. Aliyemheshimisha hadi leo ni kijana aliyechekwa, na kilichomheshimisha ni ahadi ya kwenda kujaribu. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, na mimi naongeza kwamba hata kusema "sijui, tujaribu kesho" si ujinga.

Kesho asubuhi, katika darasa fulani hapa nchini, mkono utainuka na swali la ajabu litaulizwa. Wenzake wataanza kucheka. Watamtazama mwalimu kwanza, wajue kama kicheko kimeruhusiwa.